Bega Lililobaki kwenye Picha

Mama Mkubwa Roza amenikata. Simaanishi kwa maneno, hayo nimeyazoea. Amenikata kwa kidole chake mwenyewe, kwenye simu, kisha akaituma picha kwenye kundi la familia na kuandika chini yake: "Hii ndiyo itakayochapwa kwenye fulana za kuanua matanga. Mungu amlaze marehemu mahali pema." Marehemu ni mama yangu, mdogo wake. Picha ni ya harusi ya Neema, binti wa Mama Mkubwa, na ndani yake Mama amesimama na kitenge chake cha njano, kidevu juu, mkono umenyooka kwenda pembeni. Pembeni hapo nilikuwa mimi. Sasa hapana mtu, pana ukingo wa picha tu. Ila Mama Mkubwa alishindwa kunimaliza, maana angekata zaidi angemkata marehemu vidole. Kwa hiyo bega langu limebaki. Mkono wa mama yangu umekaa juu ya bega pana lisilo na mwenyewe, ndani ya shati la kitenge kilekile cha njano. Kundi zima likaandika amina na kuweka vile vimikono vya kusali, na hakuna hata mmoja aliyeuliza bega hilo ni la nani.

Kwanza nilicheka. Nilikuwa ndani ya gari, nimesimama kwenye taa za Umbilo Road, zile tunazoziita robot huku kwetu Durban, na nilicheka mpaka taa ikawa kijani na wa nyuma yangu akaanza kupiga honi. Halafu nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika. Uso alionikata siujali sana, uso nilizaliwa nao. Lakini bega alilolifanya lisiwe la mtu nililijenga mwenyewe mwaka nilipokuwa na miaka kumi na saba, chini ya ardhi, kwenye maegesho ya magari ya jengo tulilokuwa tukipanga hapo Umbilo. Wakati huo kila mtu aliniita msichana, na jina walilokuwa wakiniitia silitaji hapa wala popote. Watu wakisikia habari kama yangu huanza kutafuta leso mapema. Watulie. Mwaka ule niliumia, ndiyo, lakini zaidi nilikula vizuri, nilitoka jasho, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo kabla.

Maegesho yenyewe yalikuwa ya giza na joto, na kuta zilitoa maji msimu wa mvua. Kwenye kona ambayo hakuna mpangaji aliyeitaka, Blaise alikuwa ameanzisha jimu yake. Blaise alikuwa Mkongo wa ghorofa ya chini, mtu wa milango: wikiendi alisimama kwenye mlango wa klabu moja mjini kuamua nani aingie, na siku za kawaida alinyanyua vyuma mchana na rafiki zake wawili watatu. Vyuma ni kusema tu. Vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, mawili mawili kwenye bomba, ekseli ya gari, benchi la kanisa lililokatwa mguu, na bomba la maji juu ambalo walijivuta nalo mpaka mwenye nyumba akalalamika kwamba linavuja. Kwa miezi nilikuwa nikisikia mlio wake nikiwa chumbani, nimelala juu ya vitabu vya shule. Siku moja niliteremka ngazi, nikasimama mbele yao na sare yangu ya shule, sketi na yote, nikasema nataka kuanza.

"Wadada banakuyaka huku kupunguza tumbo," Blaise akasema. "Weye tumbo hauna. Unatafuta nini?"

"Mabega," nikamwambia. "Na kifua, na mikono. Nataka kuwa kama wewe."

"Kama mimi namna gani?"

"Kama mwanaume."

Rafiki zake walicheka. Yeye aliniangalia tu, taulo shingoni, kama anavyomwangalia mtu aliyefika mlangoni kwake bila tiketi. "Banaume iko wengi hapa Durban," akasema, "na wengine ni bure kabisa. Usichague mubaya. Jina lako nani?"

Nikasema naitwa Amani. Ndiyo mara ya kwanza jina hilo kutoka mdomoni mwangu kwenda kwenye sikio la mtu mwingine. Blaise hakuona ajabu. "Sharp, sawa. Amani, chukua fagio. Huku mwenye anafika wa mwisho, ndiye anafagia."

Nilifagia, na kesho yake nikafagia tena. Wiki za mwanzo nilipewa bomba tupu, bila kopo hata moja, na hata hilo lilinishinda. Nilichuchumaa na kuinuka mpaka nikawa napanda ngazi za nyumbani kwa kushika ukuta. Mmoja wa wale rafiki, mtu wa maneno mengi, alikuwa akiuliza kila siku kama "yule dada" atarudi kesho, na kila siku nilirudi kwa ajili ya kumuudhi. Nasema kweli, miezi ile ya kwanza ubishi ndio ulioninyanyulia vyuma kuliko misuli. Kulikuwa na jambo lingine pia. Ndani ya fulana nilikuwa nimejifunga kifua kwa bandeji ya duka la dawa, mzunguko juu ya mzunguko, ili kiwe bapa. Siku moja, chini ya ekseli, pumzi ilinikatikia na nikaona vinyota. Blaise aliinyanyua ekseli kwa mkono mmoja, akaniketisha kwenye benchi.

"Nini inakufunga?"

"Hakuna kitu."

"Petit, mudogo wangu, mimi nasimamiaka mlango. Najua mutu mwenye anaficha kitu." Aliongea kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie. "Enda ukatoe. Hapa batu banapumua. Utavaa fulana yangu, ile kubwa, hakuna mwenye ataona."

Fulana yake ilinifika magotini. Ndani yake niligundua kwamba mapafu yangu yalikuwa makubwa kuliko nilivyodhani, na tangu siku hiyo sikufanya mazoezi nimejifunga. Nawaambia hivyo hivyo vijana wanaonijia leo na maswali yao: pumua kwanza, mengine yatafuata. Na huwa naongeza kwamba vyuma vina mipaka. Havikunigeuza sauti, wala havikuniondolea mambo ya kila mwezi. Hayo niliyapeleka kwa madaktari nikiwa mtu mzima, na hayamo katika hadithi hii. Vyuma vilinipa kitu kimoja tu, mabega, na kwa mtoto wa miaka kumi na saba aliyekuwa akitembea amejikunja ili asionekane, hicho kimoja kilitosha kuninyoosha.

Basi ikaja habari ya chakula. Blaise aliniuliza kwetu tunakulaka nini, nikamwambia asubuhi chai na mkate. "Chai na mukate! Na unataka mabega?" Aliudhika kana kwamba nimemtukana. Akanihesabia kwa vidole: mayai, maharage, samaki, ugali, maziwa, na usiku vilevile. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kuchokoachokoa sahani. Niliogopa kula, kwa sababu kila nilichokula kilikuwa kikienda mahali nisipopataka mwilini. Sasa nilikuwa nimepata mahali pa kukipeleka. Nilianza na mayai. Mama alikuwa akichemsha mengi ya kubeba saluni, akiyaacha yapoe kwenye bakuli karibu na dirisha la jikoni, na yalipoanza kupungua aliwalaumu tumbili. Umbilo ina tumbili wasio na adabu, wanaingia dirishani mchana kweupe na kutoka na mkate mzima, kwa hiyo kesi ilikuwa imekaa vizuri. Mama alifunga dirisha. Mayai yakaendelea kupungua. Siku aliponikuta nimejaza mashavu alisimama na ufunguo mkononi, nikasubiri kelele. Badala yake alikaa, akaniangalia nikitafuna, na macho yake yakalegea kwa furaha.

"Unakula," akasema. "Mtoto wangu anakula."

Tangu hapo meza yetu ilibadilika. Mama alipika dagaa wa Kigoma kwa nyanya na bamia, maharage ya nazi, ugali mkubwa tuliokata kwa kisu, na maziwa mgando aliyonunua njiani akitoka mjini. Nikimaliza aliongeza. Saluni yake ilikuwa mjini, juu ya duka la simu, chumba kimoja chenye vioo na harufu ya nywele za bandia zilizochomwa ncha. Jumamosi nilikuwa nikifua taulo nyuma ya pazia. Huko ndiko nilikowasikia wateja wakinijadili.

"Binti yako ameanza kunawiri," alisema mmoja. "Amejaza."

"Eish, ni kweli. Alikuwa kama ufito," akajibu mwingine. "Sasa iko na mwili ya mwanamke. Utaona, watakuya wengi kupiga hodi."

"Nimemlisha mwenyewe," Mama akasema, na fahari ilikuwa ikitiririka kwenye sauti yake. "Hakuna siri. Nimemlisha."

Nilikaa juu ya ndoo nikajiziba mdomo kwa taulo lenye maji. Walikuwa wakiutazama mwili ninaouhangaikia kila siku, kopo kwa kopo, na wote wakauona ule wanaoutaka wao. Nilitaka kucheka, na nilitaka kutoka nje ya pazia nikunje mkono waone kilichojaa ni nini. Sikufanya lolote. Nikasuuza taulo. Nikifikiri sasa, naona kwamba Mama hakukosea kuhusu chakula, alikosea kuhusu anayelishwa tu. Na mimi sikumdanganya. Hakuniuliza, na mimi nilikuwa na njaa.

Mwisho wa mwaka ikawa harusi ya Neema. Harusi zetu zina sare, kila anayezijua anajua: familia huchagua kitenge kimoja, wanawake wakashonewa magauni, wanaume mashati, na asiyekivaa ni mgeni hata kama ni damu. Mama Mkubwa Roza alichagua njano yenye ndege wa buluu. Fundi wetu, Mtanzania mwenye kibanda karibu na soko la Warwick, alikuwa amezidiwa na kazi za mwisho wa mwaka, na Mama akamrahisishia: mtoto vipimo vyake unavyo, vya Pasaka, tumia hivyo. Kati ya Pasaka na Desemba nilikuwa nimepitisha saruji nyingi juu ya kichwa changu. Hakuna aliyelifikiria hilo isipokuwa mimi, na mimi nilinyamaza, kwa sababu gauni lilinitia hofu kiasi kwamba nilikuwa nikitumaini litapotea njiani.

Halikupotea. Jumamosi moja kabla ya harusi sebule yetu ilijaa wanawake wakijaribisha nguo, sambusa zikikaangwa jikoni, watoto wakitupwa nje kila dakika. Ikaja zamu yangu. Gauni lilipita kichwani, likapita kiunoni bila shida, likakwama mgongoni. Mama Mkubwa alishika zipu. "Vuta pumzi." Nikavuta. Mwingine akaja kumsaidia, mmoja akibana kitambaa, mmoja akipandisha. "Vuta tena." Nikavuta pumzi yote niliyofundishwa na Blaise kuvuta, na gauni likapasuka, kutoka bega hadi bega, kwa sauti iliyonyamazisha chumba kizima. Mama Mkubwa akaweka kiganja chake kwenye mgongo wangu ulio wazi. Akaupapasa polepole, akaubonyeza.

"Huu mgongo ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema. "Nimeujenga kule chini, kwenye maegesho, na akina Blaise."

"Na akina nani?" Sasa wote waliongea kwa pamoja: wanaume! Wakongo! chini ya ardhi! ya Rabi! mtoto wa shule! Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akitaka kujua ni nani ameanguka.

"Sikufuata wanaume," nikasema, na nilikuwa nikimtazama yeye. "Nilifuata mwili wangu. Mimi si msichana, Mama. Nimejaribu kuwa, sikuweza. Hili gauni sitalivaa hata likishonwa upya."

Mama aliangalia kitambaa kilichoning'inia. Akaangalia mabega, kwa muda mrefu, moja halafu la pili. "Kumbe," akasema, "mayai yangu yote yalikwenda huko."

Mimi peke yangu nilicheka. "Usinicheke!" akapiga kelele, mafuta yakadondoka kutoka kwenye mwiko, akageuka akarudi jikoni. Mama Mkubwa ndiye aliyetoa hukumu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: harusi ya mwanawe ina sare, na asiyekuwa na sare asije. Nilichukua funguo, nikateremka kwenye maegesho nikiwa na kaptura na ile fulana kubwa, nikanyanyua mpaka mikono ikakataa.

Siku zilizofuata Mama hakusema nami. Alipita, aliweka vitu, alitoka. Nilikuwa tayari kwa ngumi na kwa maombi, ukimya sikuwa nimeufanyia mazoezi, na huo ulinichoma. Lakini kila asubuhi bakuli lilikuwa mezani, na mayai ndani yake, bado ya moto. Asubuhi moja alisema, akiwa ameelekea dirishani kana kwamba ananong'ona na barabara, "Kula kabla tumbili hawajaja." Nilipomaliza alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na gauni lililopasuka. "Vaa viatu," akasema.

Tulikwenda Warwick bila kuongea, tukapita kwa wauza mahindi ya kuchemsha na wauza mizizi ya dawa, Mama mbele, mimi nyuma. Fundi alipoliona gauni alishika kichwa. "Dada yangu, kitenge cha njano kimekwisha. Hakuna hata kipande."

"Sketi ina kitambaa cha kutosha. Kata shati."

"La nani?"

Cherehani ya jirani ilienda ikasimama. "La huyu," Mama akasema.

"La kiume?"

"Umeshaona shati la kike lenye mabega haya? Pima. Na safari hii usiniletee habari za Pasaka."

Fundi akapitisha utepe mgongoni kwangu, nami nikasimama wima kuliko nilivyowahi kusimama. Njiani kurudi, tukisubiri taksi, daladala za huku, ijae, Mama alizungumza akiangalia mbele. "Mimi sikuelewi. Nakwambia ukweli, sikuelewi hata kidogo, na nimelia. Lakini sikukulisha mwaka mzima ili uje ufichwe ndani siku ya sherehe." Nilimbebea mfuko.

Siku ya harusi Mama Mkubwa alitusubiri mlangoni mwa ukumbi. Alitazama shati, ndege wa buluu wamekaa sawasawa begani, akafungua mdomo, na Mama akamwahi. "Ulisema asiyekuwa na sare asije, dada. Anayo." Tukaingia. Wakati wa picha ya familia mpiga picha aliwapanga kama kawaida, wanawake wameketi mbele, wanaume wamesimama nyuma. Nilikwenda nyuma, pembeni kabisa. "Toka hapo," Mama Mkubwa akanitupia kwa meno yaliyofungwa, "unatuharibia." Nikabaki. Watu wakaanza kugeuka. Ndipo Mama alipoinuka kwenye kiti chake cha mama mdogo wa bibi harusi, akazunguka safu nzima, akaja akasimama kando yangu na kuniwekea mkono begani, mzito, wa mtu aliyefika nyumbani.

"Mama, wanawake wanakaa mbele," mpiga picha akasema.

"Nimechoka kukaa. Piga."

Akapiga. Ndiyo picha yenyewe. Mama hakuwahi kuniita mwanangu wa kiume mpaka kufa kwake. Aliniita "huyu wangu," na miaka ya mwisho, Amani. Kuelewa sijui kama alielewa. Alisimama, na mimi nilikuwa na njaa ya hilo kuliko ya mayai.

Basi juzi Mama Mkubwa akanipigia simu. Fulana ziko tayari kuchapwa mjini, maboksi ni mazito, vijana wana shughuli, je, ningeweza kuzifuata? "Wewe ndiye mwenye mabega," akasema. Naapa alisema hivyo, bila kusita. Nikamwambia hakuna shida, Mama Mkubwa. Nikaenda kwa mchapaji nikiwa na picha nzima, nikamwambia achape hiyo.

Jana niliingiza maboksi ukumbini, mawili kwa mpigo. Watu walikuwa wameshafika, padri ameshakaa. Mama Mkubwa alikunjua fulana ya kwanza, akaitazama, akaniangalia, akaitazama tena.

"Hii siyo picha niliyotuma."

"Ndiyo yenyewe," nikasema. "Wewe ulituma nusu."

Alitafuta kwenye boksi kama kuna nyingine, hazikuwepo. Nyuma yetu Neema alikuwa ameshaivaa yake, na mumewe, na watoto wao, na wateja wa zamani wa saluni. Dada wa marehemu hawezi kukaa matangani bila fulana ya marehemu, hilo hata yeye hawezi kulikata. Nikamchagulia saizi yake, nikamfungulia shingo ili isimharibie kilemba. Akaingiza kichwa, kisha mkono mmoja, kisha wa pili. Na Mama Mkubwa Roza akanibeba kifuani mchana kutwa.